Vikopo Sita vya Torill

"Weka tiki hapo tu, dada Borghild, tumalize," Torill aliniambia, akanisogezea fomu na kalamu.

Nilikuwa bado juu ya mizani, miguu mitupu. Kilo mia moja na nne. Kampuni ya vivuko ilitaka nishuke chini ya mia na tano kabla ya Pasaka, la sivyo nishushwe nchi kavu, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwakaangia abiria wa ghuba yetu svele, zile chapati nene za mtindi. Ilibaki saini ya Torill, afisa afya wetu. Na swali la mwisho kwenye fomu: je, mfanyakazi amefuata mpango wa milo sita?

Miaka minane imepita na swali lile bado linanikera.

Mpango niliufuata kweli, wiki sita za kwanza. Vikopo sita vya chakula vyenye vifuniko vya kijani, kila kimoja na saa yake. Mwili ni jiko la kuni, Torill alinifundisha. Ulishe kidogo kidogo moto usififie. Ukiushindisha na njaa unaogopa, unajiwekea mafuta. Mimi nimelelewa na jiko la kuni, kwa hiyo nikapima. Jumamosi nilichoma kilo nane za kuni kwa mafungu sita, Jumapili kilo nane zile zile kwa mafungu mawili. Baridi ya nje ilikuwa ile ile, na kipimajoto ukutani hakikuona tofauti.

Lakini vikopo sita vilinifungua mdomo mara sita, na kila ukifunguka ulitaka na kipande cha svele juu yake, cha kuonja tu. Nikaongezeka kilo moja.

Basi nikavifungia kabatini. Nikawa nakula saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, imetosha. Wiki ya kwanza ilikuwa taabu tupu. Nilikaanga nimeegemea meza, nikamfokea mchungaji wa kanisa letu kwa kuomba jamu. Leidulv, fundi wetu wa injini, alikuwa akinichungulia mlangoni.

"Ukianguka humo jikoni nitakubebaje, na mgongo wangu huu?"

"Utaniburuta," nikamjibu.

Kufikia wiki ya tatu njaa ilikuwa ikija saa tatu asubuhi, inapiga kelele zake, na saa nne imeshaondoka.

"Niliuacha," nilimwambia Torill. "Nimekula mara mbili kwa siku."

Akashusha sauti. "Uzito si umeshuka? Nani atauliza? Ukiweka tiki, nasaini sasa hivi. Usipoweka, makao makuu watanikalia kooni, na wewe pia. Nakusaidia, mwenzangu."

Na kweli alikuwa akinisaidia. Hilo ndilo lililoniuma.

Lakini juma lile Leidulv naye alikuwa amekabidhiwa vikopo vyake. Nilimkuta nyuma ya injini anakula cha tano, amesimama, ananipa mgongo kama mwizi. "Hata njaa sina," aliniambia. "Ila saa imefika." Tiki yangu ingesema vikopo ndivyo vilivyonipunguza, na yeye angebaki kujilaumu vyake visipompunguza.

"Saa zangu hazina uchawi," nikamwambia Torill. "Anayeweza kula kidogo mara sita akaacha, atapungua. Mimi nikionja siachi. Andikeni hivyo."

"Fomu haina nafasi ya hivyo, Borghild."

Nikachukua kalamu. Nikakata neno "sita", juu yake nikaandika "miwili", nikatia jina langu lote. Niliogopa, sitadanganya, sikujua kazi nyingine. Nikakaa nikavaa soksi taratibu.

"Kilo zimetoka mwilini mwangu," nikasema, "hazikutoka kwenye vikopo vyako."

Torill akaisoma fomu ile upya. "Watapiga simu."

"Wapige saa sita. Nitakuwa nakula."

Akasaini, kwa hasira, karibu achane karatasi. Simu ilipigwa kweli, nikiwa nakula, nayo ikalia mpaka ikachoka.

Jumatatu, saa sita kamili, Leidulv alipanda jikoni kwangu na vikopo vyake vyote. Alivifungua kimoja kimoja, akavimimina vyote kwenye sahani moja, akavuta kiti, akakaa.