Mkwe Aliyeganda

Joan aliondoka kwa mumewe Kitale kwa sababu ya friji, ingawa friji yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Ilikuwa hivi. Jioni moja alipigiwa simu kutoka Malakisi, akaambiwa kwamba Shangazi Phelista, aliyemlea miaka yake yote ya sekondari, amefariki. Akakaa jikoni kitambo. Akafuta macho kwa leso, kisha akaenda sebuleni alikokuwa Bramwel, mumewe, amejinyoosha kwenye kochi kama gunia lililoshushwa vibaya, anatazama mpira kwenye simu.

"Bramwel, Shangazi Phelista ametuacha."

"Mm," akasema Bramwel bila kuinua macho. "Sawa. Weka kwa friji."

Joan akangoja. Alidhani neno lile litamfika mumewe polepole, kama maji ya mfereji yanavyofika Kitale wakati wa kiangazi. Halikufika. Bramwel alikuwa anamtukana refa. Asubuhi Joan akafunga mkoba, akasema anaenda kwao Bungoma, na Bramwel, mswaki mdomoni, akamwambia awasalimie wazee.

Basi Shangazi akazikwa mkwe hayupo. Watu wa Malakisi wakauliza mkwe wa Kitale yuko wapi, na Joan akajifanya hasikii. Baada ya mazishi, mjomba wake Khisa, mtu asiyeweza kuliacha jambo lipite bila kuliundia kamati, akampigia Bramwel mwenyewe.

"Mbona hukuja, bana?"

"Aki, mjomba, kazi imenibana. Si unajua ni msimu wa kupanda? Agroveti imejaa watu hadi barabarani."

Khisa akayabeba maneno hayo yalivyo na kuyamwaga mbele ya ukoo. Ukoo ukatetemeka. Mtu anauza mbegu na dawa ya kupe huku shangazi aliyemlea mkewe anateremshwa kaburini! Mama yake Joan, Peris, akamwuliza bintiye kama kweli alimpasha mumewe habari.

"Nilimwambia mara moja, Mama," Joan akajibu. "Mtu hufa mara moja."

Kikao kikaitishwa Jumamosi, nyumbani kwa kina Joan, upande wa Kibabii. Bramwel alisema hawezi kuacha duka mchana, na hapo ndipo Mjomba Khisa alipotoa laptopu yake kwenye mfuko wa mbolea alikoihifadhi isipate vumbi.

"Siku hizi hata maaskofu wanakutana hivi," akasema. "Ataongea akiwa Kitale, sisi tumuone hapa kama yuko."

Baba yake Joan, Mzee Wepukhulu, karani mstaafu, hakupenda. Lakini kikao ni kikao. Akavaa koti na tai ya kazini, na chini akabaki na kaptula ya shambani, kwa kuwa Khisa alimhakikishia kwamba mashine ile haioni magoti. Peris naye, kwa desturi ya huku ambako mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, akaweka kiti chake kwenye mlango wa jikoni, mbali na kamera. Ila alitangulia kumwagia kila mtu chai, na kikombe kimoja, pamoja na sahani ya njugu, akakiweka mbele ya laptopu. Mgeni ni mgeni.

Bramwel akatokea kwenye kioo, kavaa aproni yake ya dukani. Wakasalimiana. Khisa akaomba maombi marefu kidogo kuliko bando la intaneti alilonunua. Kisha akasema, "Joan, anza wewe. Toa yote."

Joan akavuta pumzi, akarudisha kichwa nyuma. "Bramwel, kwanza..." akasema, na akatoa yote.

Alisema jinsi anavyoongea na utosi wa mtu. Alisema kuna siku alimweleza habari ya kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha mume akamwuliza, "Nani?" Alisema mumewe anakoroma kama posho mill ya kusaga mahindi yenye mkanda uliolegea, na hilo amelivumilia kwa sababu mtu aliyelala hana kesi, lakini mtu aliye macho ana kesi. Alimtaja Shangazi, na hapo akalia, akaendelea huku analia.

Na ajabu ni kwamba Bramwel alisikiliza. Hakujibu, hakukatiza, hakupepesa. Kidole kilikuwa kidevuni, nyusi zimeinuka kwa huruma, macho yamemkazia mkewe. Katika maisha yao yote ya ndoa Joan hakuwahi kutazamwa hivyo, hata siku ya harusi, maana siku ya harusi Bramwel alikuwa anatafuta keki ilipo.

"Unaona vile ametulia?" Mjomba Khisa akanong'ona. "Huyo sasa ni mwanaume."

"Ametubu," Mzee Wepukhulu akasema. "Mwacheni. Mtu akitubu hana maneno."

Joan mwenyewe alianza kulainika. Akajikuta anasema mambo ambayo hakuyapanga: kwamba nyumba ya hapa ni baridi asipokuwepo mtu wa kupiga mluzi bafuni, kwamba hataki kuishi Bungoma kama mahindi yaliyorudishwa stoo. Angesema mengine hata ya aibu, kama si Peris, aliyekuwa anakohoa mlangoni muda wote.

"Samahani," Peris akasema. "Mimi sijui mambo ya mashine. Lakini huyo kuku, mbona hapigi mabawa?"

Wote wakatazama. Kwa kuwa Peris hakuruhusiwa na desturi kumtazama mkwe usoni, alikuwa ametazama vitu vingine vyote vilivyokuwa kwenye kioo. Na nyuma ya bega la Bramwel, mle dukani, mteja mmoja alikuwa amemning'iniza kuku miguu juu, na kuku yule alikuwa ametandaza mabawa yake yote mawili hewani, mdomo wazi, wala hashuki wala hapandi.

Mjomba Khisa akaisogelea mashine, akakodoa macho.

"Imehangi. Picha imeganda," akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?" Joan akauliza.

Hakuna aliyejua. Mzee Wepukhulu akavuta kikombe cha chai cha Bramwel, akakinywa yeye.

Khisa akaanza matibabu. Akabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, halafu vingi kwa pamoja kama mpiga kinanda wa kanisani. Bramwel akabaki na huruma yake. Khisa akaipuliza mashine pembeni, vumbi la mbolea likamrudia machoni. Mzee akashauri itolewe nje ipigwe na upepo, kwa maana laptopu ni kama trekta, ikishika moto lazima ipumzike. Wakaitoa, wakaiweka juu ya tangi la maji. Ikapata upepo, haikupata akili. Khisa akaipiga kofi, si kali, kofi la mtu na mpwawe.

Peris akatumia nafasi hiyo. Kwa kuwa mkwe hakuwa anaona, akajisogeza hadi kwenye tangi, akainama, akamtazama Bramwel usoni kwa mara ya kwanza tangu amchukue bintiye.

"Kumbe ana masikio makubwa hivi," akasema. "Sasa yote haya ni ya nini?"

"Toeni chaja," Khisa akaamrisha. Chaja ilikuwa imeshatolewa; mashine ilikuwa inaishi kwa betri.

Joan akafuta pua. "Mjomba, sogea."

Aliishika laptopu kwa mikono miwili, akarudi nayo sebuleni, akajaribu zile funguo tatu zinazobonyezwa pamoja, kama walivyofundishwa chuoni. Hakuna. Basi akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, akakikandamiza, akakishikilia. Uso wa mumewe ulikuwa bado unamtazama kwa ule upole usio wake. Joan akahisi kama anamziba mtu pumzi, na, Mungu amsamehe, hakuhisi vibaya. Kioo kikawa cheusi.

Alipoiwasha tena, ikadai neno la siri.

"Niandike nini, Mjomba?"

Khisa akajikuna. "Lete niandike mwenyewe."

"Vitufe vingine vimeng'oka, utakosea itufungie nje. Sema tu."

"Fridah," Khisa akasema akitazama dari. "F kubwa. Halafu 'mtamu'. Bila nafasi."

Mke wa Mjomba Khisa haitwi Fridah.

"Fridah ni nani?" Mzee Wepukhulu akauliza.

"Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Niliuza."

Neno likakubali. Badala ya kufunguka, kioo kikawa cha buluu, kikaandika kwa Kizungu kwamba mashine inajirekebisha, mtu yeyote asithubutu kuizima. Chini yake asilimia zikaanza kupanda kwa mwendo wa kinyonga anayeenda kulipa faini.

Joan akampigia Bramwel kwa simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja bado hapatikani. Hasira iliyokuwa imeyeyuka ikaanza kuganda upya. Basi amezima, akawaza. Amechoka kusikiliza hata kabla hajasikia.

Akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na mama yake aliyekuwa anachambua mboga.

"Siwezi kurudia yote yale, Mama. Yameisha."

"Usirudie yote," Peris akasema. "Mimi baba yako nilimwambia mengi sana. Anakumbuka mawili."

"Yapi?"

"Sijui. Nashukuru tu ni mawili."

Mchana ukasogea. Khisa akalala kwenye kochi. Mzee akatoka kuangalia migomba yake akiwa bado na koti na tai. Mashine ikawa bado inapanda, ikisita, ikijizima na kujiwasha yenyewe kama mtu anayeota vibaya. Ndipo pikipiki ikanguruma langoni, na kabla mbwa hajaamua kubweka, mtu akapita uani mbio, aproni inapepea, amejaa tope hadi kwenye nyusi.

Bramwel aliingia sebuleni akiita, "Joan! Joan!" na moja kwa moja akakutana na mama mkwe wake ana kwa ana, sufuria ya mboga mkononi. Peris akapiga yowe, akaachia sufuria, akajifunika leso kichwa kizima, akapapasa ukuta mpaka akaupata mlango wa jikoni. Mkwe naye akageuka upesi apishe, akagongana na Mzee Wepukhulu aliyekuwa anaingia. Wakatazamana. Bramwel akashusha macho kwa heshima, akaona kaptula, akayainua tena.

"Joan yuko wapi? Amekufa?"

"Niko hapa," Joan akasema kutoka kwenye mlango wa jikoni. "Nani amekufa?"

Bramwel akakaa chini sakafuni palepale. Akaeleza kwa kukatakata. Alimwona Joan kwenye simu akirudisha kichwa nyuma, macho yakafumba, mdomo ukafunguka, ukakaa hivyo. Akamwita. Akaita Mzee, akaita Mjomba. Mdomo ukabaki wazi. "Nikasema hii ni kifafa. Ama ni moyo. Kidogo simu nayo ikaisha chaji. Nikamwambia Kiptanui wa duka la jirani anichungie, nikapata lori ya viazi hadi Kimilili, halafu hiyo pikipiki."

"Kwa hivyo ulisikia nini?" Joan akauliza.

"Nilisikia 'Bramwel, kwanza'."

Joan akamtazama. Tope lilikuwa limemkauka kwenye kope. Hakuwa na simu mkononi, na mikono yake, bila simu, haikujua ikae wapi. Alikuwa na maneno mengi asubuhi ile, na sasa akatafuta hata robo yake, hayakuwepo. Akasema yaliyobaki.

"Shangazi Phelista alikufa. Tulimzika. Nilikwambia jioni ile, ukasema niweke kwa friji."

Aliyeanza ni Mjomba Khisa, aliyekuwa ameamshwa na lile yowe. Kilimtoka puani kitu kama chafya, akajaribu kukimeza, kikamshinda. Mzee Wepukhulu akamkazia macho ya ukarani, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kucheza chini ya koti. Kutoka jikoni, ndani ya leso, kukasikika mtu mzima anakwama kwa kicheko. Joan akataka kuwatukana wote kwa zamu. Akafungua mdomo, na yeye pia akacheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani.

Bramwel hakucheka.

"Shangazi Phelista?" akasema. "Mimi nilisikia 'ametuachia'. Nikadhani ametuletea kuku, kama kawaida yake." Akavua aproni. "Joan, mimi sikujua. Mjomba aliponiuliza mbona sikuja, nilidhani ni ile ya kuja kusalimia. Ningefunga duka. Huyo mama ndiye alinitetea mbele ya hawa wote siku nilikuja kuposa na soksi moja."

"Ni kweli," Mzee akasema, akijipangusa macho. "Mimi nilikuwa nimekataa."

Bramwel akaweka uso katikati ya magoti. Walimwacha. Hata Khisa, ambaye ukimya humuwasha kama upupu, alijizuia. Joan hakumshika bega. Bado alikuwa na kinyongo, na kinyongo chake kilikuwa cha haki, maana kutojua kwa mtu asiyesikiliza si kutojua kwa bure. Lakini alimchotea maji ya kunawa.

Kesho yake, Jumapili, wakaenda Malakisi wawili. Kaburi lilikuwa bado na udongo mwekundu, mashada yamenyauka. Bramwel akasimama muda mrefu, akapiga magoti, akang'oa magugu machache yaliyokuwa yameanza kuota pembeni, akasema maneno ambayo Joan hakuyasikia wala hakuuliza. Binamu wa Joan akawapa njugu na uji, akamsema Bramwel kidogo, kisha akamsema sana, naye akapokea yote.

Walipokuwa wanatembea kurudi barabarani, kando ya mashamba ya tumbaku, Bramwel akauliza Shangazi alikuwa akiumwa nini. Joan akaanza kumweleza. Katikati ya maelezo akanyamaza kwa makusudi, amjaribu.

"Halafu daktari wa pili akasema nini?" Bramwel akauliza.

Joan akaendelea. Walipofika stendi, Bramwel akamwuliza atarudi Kitale lini.

"Nitakwambia," Joan akasema. "Mara moja."