Goli la Kumi na Mbili

Jumamosi hiyo ndizi na maharage yalipakuliwa saa saba, wasichana wakala, wakaosha sahani zao kwa majivu, wakateremka uwanjani. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1992, katika shule ndogo ya sekondari iliyo juu ya kilima kimoja cha Karagwe. Wageni wao wa mpira wa pete walikuwa wametoka Bugene kwa miguu, na vumbi jekundu lilikuwa limewafika magotini.

Mchezo ulikuwa mgumu. Ilipobaki dakika moja, kila upande ulikuwa na magoli kumi na moja. Mpira ukamfikia Nyirabahire wa kidato cha tatu, binti wa Leonidas wa Kaisho, ambaye ndiye aliyekuwa mfungaji wa shule. Alikunja magoti, akarusha.

Mpira ukiwa bado njiani, mtu wa baiskeli alifika na karatasi kutoka kamati ya mashindano. Mwalimu Placidius, ambaye alifundisha jiografia na kusimamia michezo, aliisoma, akapuliza filimbi yake kutoka pembeni.

"Nyirabahire, toka. Uraia wako haujathibitishwa. Huchezi mpaka uthibitishwe."

Nyirabahire alitoka. Hapo ndipo watu walipoona kuwa mpira haujashuka. Ulikuwa umesimama hewani juu ya pete, shibiri moja hivi.

Mwamuzi alingoja. Sheria yao ilikuwa kwamba mchezo haumalizwi mpira ukiwa hewani, kwa hiyo hakumaliza. Wageni nao walingoja mpaka jua likaanza kulalia migomba, kisha wakavaa makandambili yao.

"Ukishuka mtutumie habari," nahodha wao alisema, wakaondoka.

Jumatatu wavulana wa shule walileta mti mrefu wakausukuma. Ulisogea kidogo, ukarudi mahali pake. Ta Egbert, mpishi, akaegemeza ngazi, akapanda, akauvuta kwa mikono miwili, mpira ukakataa. Kwa kuwa alikuwa ameshafika huko juu, aliufuta vumbi kwa aproni, akashuka kwenda kuangalia maharage yake.

Basi shule ikaendelea nao. Wanakwaya walihamishia mazoezi pale, wakisema sauti zinapanda vizuri zaidi. Kivuli cha mpira kilitosha kichwa kimoja, wakawa wanapokezana. Waliokuwa wanaandikiana barua za siri waliandika, "Tukutane chini ya mpira saa kumi," na saa kumi ikifika wanakuta watu ishirini, kila mmoja akijifanya amekuja kusoma. Ijumaa ukafanyika mdahalo: mpira ulio juu ni wa shule au ni wa aliyeurusha? Walibishana saa mbili nzima. Kura zilipopigwa, wengi walinyoosha mkono pande zote mbili, na mwenyekiti wa mdahalo akasema matokeo yatatangazwa, ila hakusema lini.

Nyirabahire aliruhusiwa kuendelea na masomo, kwa sababu karatasi ilitaja mpira tu. Kwenye mazoezi alishika masweta ya wenzake, huku wakichezea furushi la majani makavu ya mgomba, maana shule ilikuwa na mpira mmoja. Alitaka mambo mawili: jina lake lirudi kwenye orodha ya kwenda mashindano ya mkoa Bukoba, na goli lake lihesabiwe. Kwa nini la kwanza limekataliwa, alielewa kidogo. La pili hakulielewa kabisa, kwa sababu alikuwa amerusha akiwa mchezaji, na mpira ulikuwa bado haujafika.

Alijaribu kujua yeye ni nani. Kule Kaisho majirani waliwaita watu wa Rwanda. Baba yake mkubwa aliyeko Rwanda alianza barua zake, "Ninyi Watanzania wetu." Alipokuwa mdogo alimuuliza baba yake, akajibiwa, "Wewe ni wangu. Kaoshe vyombo." Sasa kwenye karatasi hakukuwa na nafasi ya kuandika hivyo.

Leonidas aliitwa. Alitembea kwa siku mbili, akafika na begi la nailoni, akavua kofia mlangoni kwa Mwalimu Placidius, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, ili asikosee.

"Marahaba, mzee. Umeleta nini?"

Leonidas alitoa kadi yake ya kuuzia kahawa, imekunjwa ndani ya jani kavu la mgomba. Mwalimu aliisoma mbele na nyuma.

"Hii inaonyesha kahawa yako ni ya hapa," alisema. "Wewe je?"

"Kahawa niliipanda mimi, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama palepale."

"Naelewa. Lakini imeandikwa kahawa."

Leonidas alienda kuutazama mpira. Alivua tena kofia, akautazama kwa muda, akamwambia binti yake kwamba ameutupa vizuri. Kisha akarudi Kaisho, kwani maharage yalikuwa tayari kuvunwa.

Mashindano yalikaribia. Aliyepewa nafasi ya kufunga ni Jovitha, aliyelala kitanda kilicho juu ya cha Nyirabahire. Baba yake Jovitha alikuwa mfanyabiashara kutoka Muleba, na walikuwa na mwaka mmoja tu tangu wahamie Karagwe. Hakuna aliyemuuliza karatasi.

"Nichukie basi, nijue moja," Jovitha alimwambia.

"Nimejaribu. Unanichekesha."

Siku moja kabla ya safari, Mwalimu Placidius aliita wasichana wote uwanjani. Bila mpira hawangepokelewa Bukoba. Akamsimamisha Nyirabahire chini ya pete.

"Uambie ushuke."

"Mwalimu, sikuurusha ushuke. Niliurusha uingie."

"Haya, uambie uingie."

"Nimeshauambia. Nadhani haujui kama mimi nipo au sipo. Hata mimi sijui."

"Mawe!" Jovitha alisema, akimaka na kusihi kwa Kihaya. "Mwalimu, mwandike tu, waitu! Tutaenda kucheza na furushi la majani? Watatucheka mpaka kina mama wa samaki!"

Mwalimu Placidius alikuna shingo. Alitoa orodha mfukoni, akaiweka juu ya paja, akaandika kwa wino wa bluu: Nyirabahire d/o Leonidas, namba nane.

Mpira ukashuka. Ulipita katikati ya pete bila kugusa chuma, ukadunda mara mbili. Wasichana walipiga vigelegele, na Ta Egbert aligonga mfuniko wa sufuria kule jikoni ingawa hakuona kitu.

"Kumi na mbili," Nyirabahire alisema.

Mwalimu aliuokota mpira, akaubana kwapani. Hakuwa mtu mbaya, ila naye alikuwa ameamriwa na waliomzidi cheo. Alitoa rula yake, kwa sababu alikuwa mwalimu wa jiografia na alipenda mistari iliyonyooka, akalikata lile jina kwa mstari mmoja safi.

Kila mtu aliutazama mpira kwapani. Haukurudi juu.

"Na goli, Mwalimu?" Nyirabahire aliuliza.

"Goli la nani? Asiye kwenye orodha hafungi."

"Lakini limeingia nikiwa kwenye orodha."

Mwalimu Placidius aliifungua tena karatasi ya kamati, akaitazama, akamtazama msichana, akaitazama pete. Akasema, "Lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wanaosafiri walale mapema."

Asubuhi lori la kubebea kahawa lilikuja. Wachezaji walipanda, wakakalia magunia matupu, na mpira ukawekwa katikati yao, ukabiringika huku na huku kama mpira wowote. Nyirabahire alisimama getini na kanga aliyojitanda kwa baridi.

Lori lilipoanza kuteremka, Jovitha alisimama akashika bomba.

"Nyira! Ulifunga! Sote tuliona!"

"Kama mliona, andikeni!"

Jovitha alijipapasa mfuko wa kulia, akajipapasa wa kushoto, akawauliza wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyebeba kalamu kwenye mpira wa pete. Bado alikuwa akiuliza lori lilipoingia kwenye migomba.