Kungoja Jumatatu

Mkaguzi aliingiza kidole ndani ya oveni, akakizungusha, akakitoa. Ncha ya glavu yake nyeupe ilikuwa na weusi kidogo.

"Rudieni," alisema, akaandika kitu kwenye karatasi.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mwanafunzi kama Linnea na mumewe walivyokuwa mpaka juzi. Mwenye majengo alimpa glavu na karatasi, basi, akajiona malaika wa hukumu. Chuo ni cha Kanisa letu, nyumba zinakaguliwa, na aliyehitimu anatakiwa awe ametoka mwisho wa juma. Hapo hakuna cha kubembeleza. Linnea, mjamzito wa miezi minane, akapiga magoti tena mbele ya oveni.

Ndiyo maana Jarom na Linnea Tolman hawakutoka Provo Jumamosi asubuhi kama walivyopanga. Walitoka jioni, godoro likiwa limefungwa kamba juu ya gari. Kiti cha nyuma kilijaa ndoo nne za ngano, kitanda cha mtoto kilichofunguliwa vipande vipande, na katoni ya mapichi ya chupa aliyoyahifadhi mama yake Linnea kiangazi kilichopita. Kwetu binti haolewi akaondoka bila ngano na mapichi. Dunia ikiisha, angalau yeye atakula. Vyeti vyao vya shahada vilikuwa chini ya kiti, ndani ya mfuko wa takataka, visilowe.

Walilala Rawlins, Wyoming, na Jumapili ikawakuta barabarani, jambo ambalo halikuwahi kuwatokea tangu wafunge ndoa hekaluni. Tena ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, Jumapili ya mfungo, wakati watu wa kata yao, yaani usharika wao, walikuwa wamekaa kanisani matumbo yakinguruma. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi Jarom alitakiwa Omaha, kwenye kampuni ya mbegu iliyomwajiri atunze hesabu. Lazima aende mwenyewe, atie saini kwa mkono wake. Akishatia saini, bima ya matibabu inaanza, kwake na kwa mkewe na kwa mtoto atakayezaliwa. Bima ya chuo iliisha Ijumaa. Katikati palikuwa na siku mbili na ushee ambazo hawakuwa na kitu, na waliambizana kwamba siku mbili si chochote.

Mjamzito halazimiki kufunga. Kila mtu anajua, hata askofu alilisema mimbarani. Linnea alifunga hivyo hivyo. Alitaka kazi ya mumewe ianze na baraka, na aliona haya kuomba jambo kubwa namna hiyo akiwa ameshiba.

Upepo wa Wyoming ulilitikisa godoro tangu asubuhi. Malori yalipowapita, gari liliyumba na Jarom akashika usukani kwa mikono miwili. Walipita Laramie kwenye saa nne. Kwa maili nyingi Linnea alikuwa akibonyeza tumbo upande huu, kisha upande ule.

"Jarom, mtoto hachezi."

"Amelala."

"Halali hivi. Saa hizi huwa ananipiga mbavu mpaka nashindwa kukaa."

"Basi anafunga na mama yake." Jarom alijaribu kucheka. "Mtakatifu kweli kweli huyo."

Linnea hakucheka, ila alilishika neno hilo kwa nguvu zote. Ndiyo, ni njaa. Mama hajala, mtoto hana nguvu, si jambo la ajabu. Mkunga wa Provo alikuwa amemfundisha: mtoto akitulia, kunywa kitu kitamu, lala ubavu wa kushoto, hesabu. Mateke kumi ndani ya saa mbili. Yasipofika kumi, usinipigie mimi, nenda hospitali.

Jarom akaegesha kwenye kituo cha mapumziko, mahali pa juu penye misonobari michache na baridi. Akafungua chupa ya mapichi kwa ncha ya kisu. Linnea akala vipande vinne kwa vidole, akanywa sharubati yote mpaka ikamtiririka kidevuni, na kwa hivyo mfungo ukavunjika. Akalala kwa ubavu kwenye kiti kilichoshushwa nyuma, macho yakiangalia ndoo ya ngano, mkono tumboni.

Saa moja ikapita. Jarom alikaza kamba za godoro zilizokuwa zimekazwa tayari. Alisoma kibao cha historia mara tatu na hakuelewa neno. Alipochungulia dirishani, Linnea alinyanyua kidole kimoja, baadaye kidogo viwili, halafu akavishusha vyote.

"Labda ni tumbo langu tu," alisema. "Labda ni mapichi."

Akatoa pochi. Kadi ya bima ya zamani bado ilikuwamo, na nyuma yake palikuwa na namba ya simu ya muuguzi, usiku na mchana, siku zote saba. Akapiga. Akaweka sauti juu ili Jarom asikie.

"Namba ya uanachama?" mwanamke aliuliza.

Linnea akaisoma. Wakasikia vidole vikigonga vitufe.

"Dada, huduma yako ilikoma Ijumaa."

"Najua. Tumehitimu. Mume wangu anaanza kazi kesho. Nataka kumuuliza muuguzi swali moja tu."

"Muuguzi ni kwa wanachama."

"Mtoto wangu hachezi."

Sauti ilikuwa ya mtu wa makamo, labda naye aliwahi kubeba mimba. "Mfumo haunipi njia ya kukuunganisha," alisema polepole. "Ningeweza, ningekuunganisha." Kisha, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa kumaliza, akauliza, "Kuna jambo jingine naweza kukusaidia leo?"

Linnea akasema hapana, asante. Alilelewa vizuri, alimshukuru kila mtu.

Wala hakuna aliyetamka neno kungoja. Ila wote wawili waliwakumbuka akina Stoddard, waliokaa ghorofa ya chini pale Provo. Mtoto wa Stoddard alizaliwa siku mbili baada ya bima kuisha, akakaa kwenye mashine wiki tatu kwa fedha zao wenyewe. Sasa mtoto alikuwa na miaka minne, na familia nzima iliishi katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wa mke, gari wameuza, na Ndugu Stoddard aliyesomea uhandisi alipanga bidhaa dukani alfajiri. Akina Stoddard walipopita, watu wa kata walipunguza sauti. Jarom alikuwa mmojawapo.

Akawasha gari. Linnea alifunga mkanda chini ya tumbo, hakuuliza wanaelekea wapi.

Laramie palikuwa na hospitali, nao walikuwa wameshaipita. Cheyenne palikuwa na hospitali. Alama ya buluu yenye herufi H ilitokea upande wa kulia, Jarom akaiona, Linnea akaiona, na gari likaendelea mwendo ule ule. Jarom alikuwa akihesabu saa. Ishirini tu, alimwambia mtoto moyoni, saa ishirini tu baba, unalala unaamka. Alijua fika anachokifanya, na kila maili aliyoikata ilimfanya aogope zaidi kusimama, maana kusimama sasa kungekuwa kukiri kwamba ilifaa asimame mwanzoni.

Wakaingia Nebraska. Linnea alikunywa sharubati ya chupa ya pili. Alilibonyeza tumbo kwa nguvu, akalipigapiga, akaliimbia wimbo wa watoto wa Jumapili kwa sauti ya chini. Alama ya pili ya H ikaja, ikapita, na ya tatu vile vile.

Halafu mto ukaonekana upande wa kaskazini, mwembamba na wa rangi ya udongo. Mto Platte. Linnea aliujua kabla hajawahi kuuona. Bibi yake mkuu Bodil alitoka Denmark na waumini wa kwanza wa Kanisa letu, akasukuma mkokoteni kwa mikono kwenda magharibi, na kando ya mto huu alimzika mtoto wa kiume ndani ya karai la kukandia mkate kwa sababu hapakuwa na mbao. Linnea alikuwa ameisimulia habari hiyo mbele ya kina mama wa kata mara mbili, akilia vizuri, na kina mama wakalia naye. Leo alikuwa akiifuata njia ile ile kwa kurudi nyuma, na alimchukia kila aliyewahi kumfundisha kuiona habari hiyo nzuri.

"Bibi Bodil alimzika wake hapa," alisema.

"Lin, usianze."

"Lakini yeye hakupita hospitali tatu njiani."

Alama ya nne ilipotokea, Jarom alikata kona kwa ghafla kiasi kwamba ndoo moja ya ngano ilianguka, kifuniko kikafunguka, na ngano ikamwagika sakafuni yote.

Hospitali ilikuwa ya mji mdogo, ya matofali, ghorofa moja. Jarom aliegesha mbali na mlango, mwisho kabisa wa uwanja, ingawa karibu palikuwa wazi. Akazima gari. Wakakaa. Saa ya gari ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

"Nipe baraka," Linnea alisema.

Jarom akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wake. Kwenye mnyororo wa funguo alikuwa na kichupa cha mafuta ya zeituni yaliyowekwa wakfu, kidogo kama kidole cha mwisho. Alimdondoshea tone moja utosini, akaweka mikono miwili juu ya kichwa chake, akamtaja kwa majina yake yote, Linnea Ruth Tolman, akataja mamlaka ya ukuhani, ambao kwetu hupewa kila mwanamume mwaminifu. Maneno hayo aliyajua usingizini. Alipokuwa misheni Peru aliwabariki wagonjwa wengi, na aliwaahidi watu waliomzidi umri mambo makubwa bila ulimi kukwama.

Baada ya hapo mtu hasemi anachotaka. Anasema anachopewa. Jarom akangoja apewe. Upepo ulivuma, kamba ya godoro ikapigapiga paa. Hakupewa kitu. Mdomo ukaanza wenyewe.

"Ninakubariki upate utulivu," alisema. "Ninambariki mtoto huyu abaki salama tumboni mwako hadi kesho saa mbili asubuhi..."

Alisikia alichokuwa akisema. Akanyamaza.

Kwetu baraka haikatizwi, anayebarikiwa hufumba macho mpaka amina. Linnea alifumbua macho.

"Hilo amesema Bwana," aliuliza, "au kampuni ya bima?"

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.

"Sijui," Jarom alisema. Mikono yake ilikuwa bado kichwani pa mkewe. "Naogopa, Lin. Naogopa mpaka sijui naongea nini."

Linnea akaiondoa mikono yake, mmoja mmoja. Akashusha miguu chini, akashika mlango, akasimama, ngano ikamdondoka kwenye viatu. Akaenda kuelekea mlango wa hospitali, mkono chini ya tumbo, bila kumwangalia. Jarom akamfuata mbio. Mlango wa gari aliuacha wazi.

Mapokezini alikuwapo mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, mwenye sauti ya upole. Aliomba kadi ya bima. Jarom akaanza kueleza habari ya Ijumaa na Jumatatu. Linnea alisema tu kwamba mtoto hachezi, na yule mama, sifa yake apewe, akabonyeza kengele kwanza. Akampa Jarom fomu na kalamu baadaye.

Muuguzi alimlaza Linnea, akampaka tumboni kitu baridi, akapitisha kifaa. Hakuna. Akakisogeza. Mkwaruzo tu. Jarom alikuwa amesimama ukutani, ameikunja ile fomu kifuani. Muuguzi akakisogeza tena, chini, pembeni, na hapo mlio ukasikika: taratibu, mbali, taratibu mno.

"Yupo," muuguzi alisema. "Lakini amechoka."

Akabonyeza kitu ukutani. Chumba kikajaa watu. Daktari, mwanamke mfupi mwenye mvi, alikuwa akivaa glavu huku akiuliza maswali haraka haraka, na Linnea akayajibu yote. Wiki ngapi, umekula nini, una mzio wa dawa gani.

"Hajacheza tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Daktari akatazama saa ya ukutani. "Sasa hivi inakaribia saa kumi. Mbona hamkuja?"

"Tulikuwa tunangoja Jumatatu," Linnea alisema.

"Jumatatu kuna nini?"

"Bima inaanza."

Jarom alingoja daktari ashangae, au awakaripie, au aseme neno lolote la hasira. Angelipokea kwa shukrani. Daktari hakushangaa hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jibu alilolijua, akawageukia wenzake, akasema wanapasua sasa hivi. Hapo ndipo hofu ilipomshika Jarom kuliko siku nzima.

Wakakisukuma kitanda. Jarom akaenda nacho, mkono mmoja juu ya kichwa cha mkewe, pale pale kwenye mafuta, safari hii bila kusema kitu. Ule mlio ulikuwa bado unasikika, taratibu. Fomu ilimdondoka mlangoni. Nyuma yake mama wa mapokezi aliiokota, akamwita kwa jina, akasema imebaki sehemu moja tu haijajazwa, ya namba ya bima. Jarom alimsikia vizuri. Hakugeuka.