Hita ya Marehemu

Marehemu mume wangu hakuwahi kuwasha hita ya gari lake hata siku moja. "Joto lote hili la bure," alikuwa akisema, "halafu nitengeneze jingine?" Kishikio chekundu cha hita kilikaa pale kwenye dashibodi miaka yote, nami nilikipangusa vumbi kila Jumamosi bila kukisogeza.

Alipofariki, ndugu zake walikaa kikao. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekiongoza. Huongoza kila kikao, ndiyo maana tunamwita Mwenyekiti. Ikaamuliwa gari lisimamiwe na mwanamume. Mwenyekiti mwenyewe hakujua kuendesha, lakini kusimamia alijua. Nikasema gari hilo ndilo linalompeleka mama mkwe kliniki, na magoti yake hayapandi basi. Wakanijibu tutaona mbele ya safari. Mjane akibishana, husemwa ni msiba umempanda kichwani.

Basi, Ijumaa tukaenda ofisi ya usajili kubadilisha jina kwenye kadi ya gari, liandikwe la Mwenyekiti. Dereva ni mimi, maana nani mwingine? Mwenyekiti alikaa mbele, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nyuma alikaa mama mkwe, mama yao, amejifunika shali mbili. Yeye husikia baridi hata jua la saa saba. Moyoni nilikuwa nasali: Mungu wangu, kama jambo hili si haki, weka kizuizi. Sikumchagulia kizuizi gani.

Mwenyekiti akaanza kukagua mali yake. Akapandisha kioo, akashusha. Akafungua kisanduku cha mbele, akakifunga kwa kishindo.

"Na hiki?"

"Hita. Hicho usikiguse, shemeji. Kaka yako hakukigusa."

"Mimi si kaka."

"Plastiki yake imezeeka, shemeji. Itakatika."

Nilimwonya mara mbili, Mungu ni shahidi. Namjua huyu mtu tangu naolewa. Ukimwambia sufuria ni ya moto, ataweka kidole apate uhakika.

Akakisukuma. Kikagoma. Akakisukuma kwa mikono miwili. Tukasikia *tak!* kama mfupa wa kuku, kisha mvuke ukafoka pembeni mwa boneti na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaegesha, nikazima injini.

"Nilijua!" Mwenyekiti alishafika nje. "Mnataka kunibebesha mkweche!"

"Umelivunja wewe," mama yake akasema.

"Mama, gari zima halivunjwi kwa kidole!"

Watu wakaanza kusimama. Akawageukia, kwa kuwa kwake yeye watu wakisimama hicho ni kikao. "Mbele yenu wote nasema, gari hili silitaki! Hata kwa dawa! Libaki na huyu huyu." Akasimamisha pikipiki, akapanda nyuma, akaenda zake.

Fundi alivuka kutoka gereji ya upande wa pili, mtu mpole mwenye mafuta hadi kwenye nyusi. Alisubiri injini ipoe, ndipo akafungua boneti na kunionyesha. Pale mpira wa hita unapoingia kwenye ukuta nyuma ya injini palikuwa na kiungo cha plastiki chenye koki ndani yake, inayovutwa na waya wa kile kishikio chekundu. Kimekatika shingoni, na kisiki kimebaki ndani ya mpira.

"Imekuwa biskuti hii, mama," akasema. "Ingekaa bila kuguswa, ungefika nayo mbali."

"Nilijua hivyo," nikamjibu. "Na niliwaambia wengine."

Akakichokoa kisiki kwa koleo, kipande kwa kipande, asiache kimoja kikatumbukia ndani. Akakata ncha ya mpira iliyochoka.

"Kiungo kama hiki hakipatikani tena. Kuna njia mbili. Naweza kuiruka hita kabisa, maji yasipite humo. Au naunga mipira kwa kipande cha bomba la shaba, moja kwa moja. Ila bila koki, maji ya moto yatapita kwenye hita muda wote. Joto halitazimika."

"Iruke," nikasema haraka.

Shali zikatikisika kiti cha nyuma. "Joto lipi hilo?"

"La hita, bibi. Linakuja miguuni."

"Na lilikuwemo humu miaka yote hii?"

Nikatazama boneti. Mama mkwe akatoa kichwa dirishani.

"Unga, mwanangu," akamwambia fundi.

Fundi akapaka maji ya sabuni, akausukuma mpira mpaka ukaimeza shaba, akakaza vibanio viwili vya chuma. Akajaza maji huku injini ikinguruma, mpaka mapovu yakaisha. Halikudondoka hata tone. Nikageuza gari, tukarudi nyumbani. Ofisini hatukuwa na haja ya kwenda tena.

Jumapili asubuhi Mwenyekiti akabisha hodi. Amesikia gari linatembea.

"Shemeji, lile jambo letu hatukulimaliza."

"Ulilimaliza wewe," mama yake akamkata, "barabarani, mbele ya watu. Au kikao kile hakikuwa halali?"

Akakohoa. Akasema kwamba hata hivyo alikuwa akielekea ibadani, kama kuna nafasi.

Nafasi ilikuwepo. Akakaa mbele palepale. Jua lilikuwa limewaka, vioo vimefungwa kwa amri ya kiti cha nyuma, na joto likawa linapanda kutoka miguuni kama tumekalia jiko. Mama mkwe alikuwa ameshusha shali moja, anatabasamu, macho amefumba. Mimi niliimba tenzi polepole, jasho likinidondoka kidevuni, nikishukuru. Nilikuwa nimeomba kizuizi, sikuomba starehe.

Shati la Mwenyekiti likagandia kifuani. Akakiona kile kishikio chekundu. Mkono ukaenda, ukafika nusu ya njia, ukasimama. Akanitazama. Kisha akaurudisha mapajani.

"Vizuri, shemeji," nikamwambia.

Sikumwambia kwamba siku hizi hakijaunganishwa na kitu chochote.