Treni Ikaondoka na Mwalimu

Nchi ya kwanza waliimaliza kabla viatu vyao havijazoea vumbi lake. Ya pili waliipita kama watu wanaokatiza sebule ya jirani kwenda uani. Walipofika ya tatu, mume alikwisha acha kufungua begi lake. Alivuta fulana iliyokuwa juu, akaikung'uta, akaivaa, na ile aliyoivua akaisokomeza chini kabisa. Alijua kwamba kabla haijakauka jasho, mkewe atakuwa amesimama mlangoni na tiketi nyingine mkononi.

Mke huyo alifundisha jiografia maisha yake yote ya kazi, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe. Mwaka nenda mwaka rudi alilichora bara la Asia ubaoni bila kutazama kitabu: mito inayoshuka kutoka kwenye theluji, tambarare za mpunga, jangwa, na ile milima mirefu aliyoipaka weupe kileleni kwa ubavu wa chaki. Wanafunzi wakimwuliza, "Mwalimu, umewahi kufika huko?" alikuwa na jibu moja tu: "Kaa chini uchore." Alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake, watu walidhani atafungua duka. Yeye akasema anakwenda kuiona ramani yake.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, naye kila mtu alimwita Fundi. Wenzake walimtania kwamba hakuna mtu aliyesafiri kama yeye na asifike popote, maana ujana wake wote ulikwisha akipanda na kushuka ndani ya jengo lilelile. Alikuwa mzito wa maneno, ana presha, anapenda kiti kilicho karibu na dirisha. Mkewe alipomwambia habari za safari alijibu, "Twende," akarudi kunywa chai yake.

Asichokijua Fundi ni kwamba safari ile haikuanzia kwenye ramani. Ilianzia jikoni. Miezi michache kabla, binti yao kitindamimba alihamia kwao na mumewe na mapacha wao wanaotambaa, kwa muda tu, mpaka nyumba yao ipauliwe. Siku moja Mwalimu alikuwa uani anaanua nguo, akamsikia binti akizungumza na simu jikoni: "Dada wa kazi wa nini tena? Mama si amestaafu? Yupo tu." Maneno hayo mawili ya mwisho yakamkwama Mwalimu kooni kama mwiba wa samaki. Hakumgombeza mtu. Alikunja nguo, akazipanga kabatini, na wiki haikwisha akawa ameulizia bei ya ndege.

Basi wakawa wanakwenda. Treni, basi, kivuko, treni tena. Mto wa kwanza aliokuwa akiuota tangu chuo cha ualimu waliukuta ni mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, chupa za plastiki zinaelea pembezoni. Mwalimu alisimama darajani, akashika chuma cha daraja kwa mikono yote miwili, akautazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Kisha akageuka.

"Haya, tumeuona. Twende."

"Tumekuja kuutazama au kuuhakiki?" Fundi akauliza.

"Basi la mchana likitupita tutalala hapa."

"Na tukilala hapa kuna nini?"

Mwalimu alikwisha vuka barabara.

Ilikuwa hivyo kila mahali. Akiwa kitandani anafikiria stesheni, akiwa stesheni anafikiria mpaka, na wakivuka mpaka moyo wake unatulia kwa muda wa mhuri kukauka. Binti akipiga simu kuuliza, "Mama, mnarudi lini lakini?" Mwalimu alikuwa akisema mtandao ni mbovu, ingawa sauti ilikuja safi kama mtu yuko chumba cha pili. Fundi yeye alitaka simu. Aliomba mapacha wasogezwe kwenye kamera, akawa anawatazama wanavyolamba kioo cha simu upande wa pili, anacheka peke yake, mpaka simu inapata moto mkononi.

Katika nchi ya nne walipanga chumba juu ya duka la dobi. Mashine zilinguruma chini siku nzima, sakafu ikatetemeka kidogo, na mvuke wa sabuni ukapanda mpaka dirishani. Fundi alikipenda chumba kile. Palikuwa na kiti cha mbao chenye mto, na ukikaa hapo unawaona wanawake wawili wanapiga pasi mashati, wakibishana bila kuinua macho. Alikaa hapo kutwa.

"Mwalimu," alisema jioni, "hapa pazuri. Tukae kidogo."

"Nimeshakata tiketi. Treni ya asubuhi."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema tukae."

Fundi alijikuna kidevu. Lilikuwa jambo la kweli.

Asubuhi stesheni ilifurika watu. Mwalimu alitangulia na mabegi yote, akayapenyeza behewani, akapata viti viwili upande wa dirisha. Fundi alisema anakwenda kununua maji. Alimwachia koti lake, na ndani ya koti mlikuwa na pasipoti yake, simu yake na dawa zake za presha. Mwalimu aliketi, akatoa ramani, akaanza kuangalia mahali ambapo wangebadilisha treni.

Treni ikapiga honi. Akainua kichwa.

Fundi alikuwa amesimama jukwaani, chupa mbili za maji mikononi, hatua chache tu kutoka mlangoni. Mwalimu akagonga kioo. Akampungia kwa nguvu, kisha akampungia kwa hasira. Treni ikaanza kujivuta polepole, kwa mwendo ambao hata mgonjwa angeuwahi. Fundi hakukimbia. Alimtazama mkewe dirishani kama mtu anayetazama mvua, na nguzo za stesheni zikaanza kupita kati yao, moja moja, mpaka akawa haonekani.

Mwalimu alisimama akakaa, akasimama tena. Akalifungua koti, akaziona dawa. Mume wake yuko katika mji asioujua hata jina la mtaa wake, hana karatasi, hana simu, hana kidonge, na lugha ya pale anajua neno moja tu, nalo ni asante. Akili ikamwenda mbio kuliko treni. Alimwona ameanguka. Alimwona kituo cha polisi. Alimwona amekaa chini ya ukuta na zile chupa zake mbili. Abiria waliokaa karibu walimtazama mama mtu mzima anayezungumza peke yake kwa lugha ya mbali, mmoja akampa peremende.

Treni iliposimama mara ya kwanza, Mwalimu alishuka. Alishusha mabegi kwa kuyaburuta, moja likamwangukia mguuni, hata hakulihisi. Ilikuwa stesheni ndogo, jukwaa moja, benchi moja, na ofisi yenye dirisha la wavu. Mkuu wa stesheni alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kofia ya kazi imemzidi kichwa. Mwalimu alimweleza kwa Kiingereza, mwanamke akatikisa kichwa. Akaeleza kwa mikono, mwanamke akamletea kiti akidhani ni mgonjwa.

Ukutani palikuwa na ubao mweusi wa kuandikia saa za treni. Mwalimu aliuona, akaiona na chaki. Hakuomba ruhusa. Alifuta kipembe cha chini kwa kiganja, akachora treni, akachora dirisha na mwanamke ndani yake mdomo wazi, kisha nje ya treni akachora mwanamume mwenye kitambi na chupa mbili. Akachora mshale. Chini yake akaandika jina la mji walikotoka kama alivyoliona kwenye tiketi.

Mkuu wa stesheni aliutazama mchoro, akamtazama Mwalimu, akacheka mpaka kofia ikamshuka usoni. Kisha akainua simu ya mezani, akaongea kwa muda mrefu, akishika tumbo lake kuonyesha kitambi ingawa wa upande wa pili hakuweza kumwona. Alipokata simu alimpa Mwalimu chai, akaonyesha kwa mkono: subiri.

Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Mwalimu alikaa kwenye benchi akashindwa. Akatembea mpaka mwisho wa jukwaa, akarudi, akaenda tena. Reli ilinyooka pande zote mbili katika mashamba, wala hapakuwa na treni ya kupanda, wala mpaka wa kuvuka, wala kitu cha kukimbilia. Akajikuta anasikia sauti ya jikoni kwake, ile ile, yupo tu, yupo tu, na safari hii hakuwa na tiketi ya kuizima.

Baadaye simu ikalia. Mkuu wa stesheni alisikiliza, akatoka nje, akaweka viganja viwili shavuni akafumba macho. Fundi amepatikana. Amelala. Kisha akaonyesha kwenye ubao treni ya alasiri.

Fundi alishuka kweli kutoka treni ya alasiri, taratibu, akishikilia chuma cha mlango, na chupa moja kati ya zile mbili bado anayo. Mwalimu alikuwa amejiandaa kumkumbatia, na pia amejiandaa kumfokea, na vyote viwili vikamkimbia. Alimpa kidonge. Fundi akakimeza. Wakakaa kwenye benchi.

"Mguu ulikuuma?" Mwalimu akauliza.

"Hapana."

"Mlango ulikuwa wazi, Fundi. Uliuona."

"Niliuona."

"Basi kwa nini hukupanda?"

Fundi alikunywa maji kidogo. "Sijui nikuambieje. Niliiambia miguu iende, ikagoma. Halafu treni ilipoondoka, nikajisikia kama nimetua mzigo."

"Mzigo ndiyo mimi?"

"Mzigo ni hii safari." Akafikiri. "Na wewe kidogo."

Mwalimu alitazama mashamba. Ndipo akamwambia yale ya jikoni, tangu nguo za uani mpaka maneno yale mawili. Alieleza kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama anayemwaga maji machafu kabla mtu hajaona.

"Ungeniambia," alisema Fundi.

"Ungefanya nini?"

"Ningezungumza naye."

"Lini?"

Fundi alikuwa mtu mkweli. "Pengine mwaka ujao," akasema.

Mwalimu akacheka bila kupenda. Mkuu wa stesheni akawachungulia kwenye wavu.

"Sikiliza," Fundi akasema. "Wale watoto mimi nataka kuwalea. Tangu siku ile wanahamia nilikuwa nawaza hivyo. Hakuna aliyeniuliza. Wote mnazungumza mama, mama, kana kwamba mimi ni fenicha. Niache nirudi. Wewe nenda ukaione milima yako."

"Peke yangu? Watu watasemaje?"

"Wataanza na wewe, watachoka, watahamia kwangu."

Waliingia mji mkuu wa nchi ile pamoja, na kutoka huko Fundi akapanda ndege ya kurudi nyumbani. Uwanjani alimkabidhi mkewe soksi zake nzito, akamwambia asiwe anakimbia kwenye ngazi. Jioni hiyo binti alipiga simu, sauti imepanda.

"Mama, Baba anarudi peke yake? Eti atabaki na watoto? Atawaogeshaje?"

"Kwa maji," Mwalimu alisema. Kisha akakohoa, akaliendea jambo lenyewe. "Na nikirudi, mwanangu, mimi sitakuwa yaya wako. Nitakuwa bibi yao. Nilikusikia siku ile jikoni."

"Mtandao mbovu," binti akasema, akakata.

Iliuma. Mwalimu aliingia nchi ya tano na maumivu hayo. Alidhani akiwa peke yake atatulia, hakutulia. Alikwenda mpaka mji mdogo wa baridi chini ya milima, akapanga chumba chenye jiko la kuni, na milima ikawa imejifunika mawingu. Kila asubuhi alipanda na kushuka barabara moja iliyokuwepo, mikono kwapani, soksi za Fundi miguuni. Mwenye nyumba alikwisha acha kumwuliza anatafuta nini. Hata hivyo hakukata tiketi. Alitaka, na hakukata.

Kisha asubuhi moja mawingu yakapasuka. Mlima ulikuwa juu mno kuliko alipokuwa akiutafuta. Ilimbidi ainue shingo. Haukuwa mweupe kileleni tu kama alivyowafundisha watoto wa watu. Ulikuwa na weusi, na buluu, na mahali pengine palikuwa na rangi ya kidonda. Alisimama barabarani mpaka ukajifunika tena, punda wenye mizigo wakampita kulia na kushoto.

Akampigia Fundi. "Nimeuona."

"Ngoja," Fundi akasema, "mmoja amejichafua," akaiweka simu kitandani. Mwalimu akasikia maji, akasikia kilio na kicheko, akasikia mumewe anaimba kitu kisicho na maneno. Baridi ilimkata masikio. Alisubiri mpaka Fundi akarudi, akamsimulia mlima wote, na Fundi hakumkatiza.

Aliongeza nchi mbili nyingine kabla ya kurudi. Nyumbani mapacha walikuwa wanatembea, wakamkimbia na kujificha nyuma ya mguu wa babu yao. Binti alimpokea mabegi kwa heshima, kwa ubaridi kidogo, na ilipita wiki nzima kabla hajaja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mama, yale maneno nilisema vibaya." Mwalimu akamsogezea mto. Wakazungumza habari za paa la ile nyumba ya binti, ambalo mwezekaji wake alikuwa ametoroka.

Kesho yake asubuhi Fundi alimkuta mkewe mlangoni amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Sijajua," Mwalimu alisema. "Nitarudi mchana."

"Haya," akasema Fundi, akampisha.