Mluzi wa Dainamo

...si plagi, plagi zingetatarika, hizi kelele za redioni ni mluzi, unapanda kila Abdala akikanyaga mafuta, basi ni dainamo, na saa yenyewe ya salamu ndiyo hii, "Fundi, kwani tusiizime tu injini?" mwenye gari anauliza toka kwenye usukani, kama hajui kwamba betri yake imekufa, injini ikinyamaza na redio inanyamaza, "Wewe kanyaga taratibu, bwana," Mwinshehe akamjibu, kichwa ndani ya boneti, jasho machoni, maana dada yake Dija alimwambia jana, kaka, Ashatu kapeleka salamu redioni, Ijumaa baada ya sala, usikilize, kisha akainamia mchele aliokuwa akiuchagua... Ashatu, mkewe aliyempa talaka, labda atamtaja, labda anataka warudiane, talaka yenyewe moja tu, ya hasira, ya samaki aliyeungua, na eda nzima alikuwa na neno mdomoni, nimekurejea, basi, halitaki kadhi wala mahari, akalibana, akingoja Bimdogo, shangazi yake Ashatu, aje kumwombea msamaha, kiburi cha bure, Bimdogo hakuja, eda ikaisha... kondensa ya kuua mluzi ameshaifunga, mbona bado, akapapasa chini yake, kutu, chumvi ya pwani imelila bati lote, kondensa imekalia kutu, haikushika bodi ya gari, akafungua skrubu, akakwangua kwa kisu mpaka bati likang'aa, akakaza, na mluzi ukakatika, sauti ya mtangazaji ikatoka safi, "...Bibi Ashatu binti Mtoro, wa Kerege, anamsalimu Bi Tabia wa Bagamoyo, anamsihi asiache dawa yake ya kifua..." mama yangu, hajamsahau mama yangu, sasa mimi, ya Rabi, sasa mimi, "...anaungana naye katika salamu hizi mumewe, Bwana Husseni wa Zinga..." mumewe, "Lo, fundi, imetulia!" Abdala anashangilia, "Hata mtangazaji akifunua karatasi zinasikika!" kweli zinasikika, kila kitu kinasikika, na Dija alijua, ndiyo maana aliinamia mchele, na Mwinshehe naye ameinama vilevile, injini inaunguruma vilevile, neno lile bado liko mdomoni, halina tena wa kuambiwa, "Nikanyage tena?" "Kanyaga," akasema, "kanyaga sana," akangoja ule mluzi upande umfunike masikio, haukuja, alikuwa ameifunga kondensa vizuri mno.