Koti la Kompyuta

Hakuna kitu kilichokaa uchi nyumbani kwa Caritas. Redio ilikuwa na nguo yake, meza ilikuwa na nguo yake, makochi yalivaa migongoni na mikononi, na hata ndoo ya maji ya kunywa ilifunikwa kwa kitambaa chenye shanga pembeni ili upepo wa ziwa usikipeperushe. Vyote alivifuma mwenyewe. Pale mtaani kwao Ujiji walikuwa na utani wao: ukipitiwa na usingizi kwa Caritas, utaamka umevishwa.

Kwa hiyo kompyuta ilipoingia nyumba hiyo, laptopu kuukuu, nyeusi, nene kama tofali, iliyokwisha kuchokwa na parokia, ilivishwa hata kabla ya kuwashwa. Caritas aliipima kwa uzi kama bibi harusi, akaifumia koti jekundu lenye maua meupe. Koti lilibana hasa, na upande wa juu lilikuwa na kifuniko cha kugeuza nyuma, ili mtu aweze kuifungua kompyuta, aandike, atazame picha, na koti libaki mwilini. Fatu jirani, ambaye kusifu kitu cha mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alilishika koti lile akasema, "Haya. Hili nimelikubali."

Na leo kompyuta hiyo, kwa uzuri wake wote, ilikuwa imegoma. Na leo haikuwa siku ya kugoma!

Saa tisa alasiri, huko Uganda, katika ofisi ya kambi ya wakimbizi, mtu mmoja angeketi mbele ya kompyuta na kusema yeye ndiye Nizigama, mdogo wake Caritas. Wawili hao walikuwa wamekulia kambini upande wa Kasulu, wakigombea blanketi moja. Kambi ilipofungwa Nizigama alirudi Burundi, Caritas akabaki, maana alikwisha kuolewa na Gervasi wa Simbo. Kisha ukaja mwaka ule watu walipoikimbia Burundi, wakamiminika Kagunga hadi ufuko ukafunikwa. Caritas alisikia kwamba Nizigama naye katoka kwake usiku. Kila meli iliposhusha watu bandarini Kigoma, alikuwa pale, akikagua nyuso mpaka nyuso zikamchanganyikia. Nizigama hakushuka.

Tangu hapo watu wawili walishampigia simu kwa jina la mdogo wake. Wote wawili walilia vizuri, wakaomba nauli, wakapotea. Kwa hiyo mhudumu wa kambi ya Uganda alipoandika kwamba yuko Nizigama anayetafuta dada yake Ujiji, Caritas alijibu kwa maneno manne tu: "Sitaki sauti. Nataka uso." Wakampa muda wa saa moja tu, leo. Baada ya hapo zamu ilikuwa ya wengine, na mhudumu alikuwa amesema wazi: ndugu asipopatikana, wataandika kwamba hana ndugu.

"Inasema nini?" Fatu aliuliza kutoka mlangoni, mikono ikinuka migebuka aliyokuwa akiikaanga.

"Inasema haioni mtandao hata mmoja."

"Hata wangu?" Ruta ya kurushia intaneti ilikuwa ya Fatu, ameinunua kwa ajili ya tamthilia zake za Kituruki, na ilikaa chumbani kwake, ukuta kwa ukuta na sebule ya Caritas.

"Hata wako, jirani. Hata wa shetani."

"Mbona simu yangu inauona? Tazama, imejaa mpaka juu! Basi tumpigie kwa hii hii simu."

"Akaunti imo humu ndani ya kompyuta. Neno la siri analijua mwanangu Melania, na Melania yuko bweni, simu hawaruhusiwi. Fatu, nimeshafikiri yote! Nimeizima nikaiwasha. Nimechomoa ruta yako nikairudisha."

"Ndiyo maana tamthilia ilikatika!"

"Nimeipandisha juu ya kabati. Nimeipeleka dirishani. Haishiki! Na asubuhi hii, kwa fundi Hamdani, kwenye meza yake, imeshika kabla hajakaa vizuri. Mara ya tatu wiki hii! Kwake inashika, nikiileta nyumbani inakufa."

Fatu alizungusha macho. "Mgonjwa anayepona akimwona daktari. Hiyo ina jini la deko. Mwite daktari aje."

Hamdani alikuja na bodaboda, mkoba wa bisibisi kifuani. Kijana mrefu, shingo imesimama, fundi ambaye kwenye kibanda chake karibu na soko alikuwa ameandika kwa rangi ya kijani: HAKUNA KISICHOPONA.

"Shikamooni mama zangu. Iko wapi hiyo kesi?"

"Marahaba. Kesi ni wewe," Fatu alisema. "Unaponya kwa muda wa safari ya kurudi nyumbani tu?"

"Da Fatu, mimi nikigusa kitu kimeguswa."

Aliketi, akafungua kompyuta, na koti lake jekundu likafunguka pamoja nayo, kifuniko kikalala nyuma kama ukosi. Vidole vikaanza kazi. Kwenye kona ya kioo paliganda alama ndogo nyekundu, ile ya kusema hakuna kitu. Hamdani aliifuta programu inayoendesha waifai, akaiweka upya. Alama ikabaki. Akazima, akawasha. Alama ikabaki. Akabonyeza vitufe viwili viwili, vitatu vitatu, akinong'ona kama anayesoma dua. Alama ikabaki, tena sasa ilionekana kama inacheka.

"Ukuta," akasema. "Ukuta wa hapa ni mnene."

"Haya, twende kusiko na ukuta!" Caritas aliikumbatia kompyuta, koti na vyote, akatoka mbio. Watatu wakaingia chumbani kwa Fatu, wakaiweka kitandani, pua kwa pua na ruta yenyewe inayometameta taa zake. Simu ya Fatu ikafungua tamthilia pale pale, mwanamke wa Kituruki akaanza kulia. Kompyuta haikuona kitu.

"Sasa sema ukuta," Fatu alisema.

Caritas alitazama saa ya ukutani. Tisa ilikuwa inagonga. Huko Uganda mtu alikuwa ameshaketi. Damu ikampanda.

"Hamdani, mwanangu, niambie kweli. Umechomoa kitu humu? Umeninyofolea kifaa ukamuuzia mwingine?"

Kijana alisimama wima, kichwa nusura kigonge taa. "Mimi? Mimi Hamdani mwana wa Ramadhani, nimle mtu kifaa? Mama Melania, nitukane jina, nitukane sura, kazi yangu usiitukane! Lete hiyo mashine. Naifungua hapa hapa mbele yenu, muhesabu kila kilichomo, kisha muniombe radhi!"

"Fungua!"

"Nitaifunguaje imevaa?"

Hapo Caritas akasita. Kukivua kitu chake nguo mbele za watu, siku ya mgeni, hata kama mgeni yuko nchi nyingine, lilikuwa jambo lisilomkaa moyoni. Lakini mshale wa saa haukuwa unasubiri adabu. "Mvue," akasema, akageuza uso pembeni.

Hamdani akashika koti kwa pindo, akalivuta kwa hasira, likatoka kwa mkupuo mmoja kama ngozi ya ndizi. Akaanza kuigeuza kompyuta atafute parafujo.

"Ngoja!" Fatu alipiga ukelele. "Ngoja, ngoja! Kioo! Tazama kioo!"

Mitandao ilikuwa imejipanga. Wa Fatu juu kabisa, wa nyumba ya wageni chini yake, wa duka la dawa, wa mtu aliyejiita Usiniibie. Alama nyekundu haikuwepo. Na ule wa Fatu ukajishika wenyewe, kwa heshima zote, kama mtoto aliyeitwa na baba.

"Imeshika!" Caritas aliruka, akampiga Hamdani ngumi ya furaha begani. "Imeshika, Yezu wanje, imeshika!"

"Nilisema nini?" Hamdani alitutumua kifua. "Nikigusa kitu..."

"Hujagusa chochote! Umevua tu."

"Twendeni kwangu, twende mezani," Caritas alisema. Na mikono yake, bila kumwuliza mwenyewe, ikafanya kama ilivyofanya kila siku: ikaokota koti, ikaipenyeza kompyuta ndani, ikavuta pindo mpaka likakaa sawasawa, ikalainisha maua. Akaipakata, akavuka ua, akaiweka juu ya meza yake. Akafungua.

Alama nyekundu.

Kutoka chumbani kwa Fatu yule mwanamke wa Kituruki aliendelea kulia, akiwalilia wote.

Caritas alikaa chini taratibu. "Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Wataandika hana ndugu."

Hamdani ndiye hakukaa. Alikuwa ameinamisha kichwa kama kuku anayetazama punje, jicho moja kwenye kompyuta, jingine kwenye mikono ya Caritas.

"Mama Melania. Kwangu asubuhi, nani aliivua?"

"Si wewe? Wewe kila siku unaitupa nguo yangu kwenye kiti."

"Na nani aliivisha?"

"Mimi, nani mwingine?"

Hamdani akalivuta koti likatoka. Mitandao ikajipanga. Akalirudisha, akivuta pindo kama alivyomwona Caritas akivuta. Mitandao ikafutika. Akalivua: ipo. Akaivisha: haipo. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kifuani, kisha akashika meza asianguke.

"Msidhani nina wazimu! Njooni muone!" Akaigeuza kompyuta uchi, akawaonyesha ukingo wa mbele. Palikuwa na swichi nyeusi kama kompyuta yenyewe, bapa, ndogo kuliko ukucha, ya kusogeza kushoto na kulia. "Hizi za zamani zina swichi ya waifai. Kulia inasikia, kushoto ni kiziwi. Na koti lako, mama yangu, limebana kama soksi! Ukiivisha, tundu za huu ufumaji zinainasa swichi zinaivuta kushoto. Nikilivua mimi, zinairudisha kulia. Umekuwa unaiziba masikio kila siku kwa mikono yako!"

"Na wewe fundi bingwa hukuiona?" Fatu alimrukia.

"Kwangu inawaka, niitafutie nini? Na hapa imefunikwa maua! Nani akaguaye chini ya gauni la mtu?"

Fatu alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Caritas hakujua acheke au aone haya. Hamdani alikuwa ameshatoa mkasi mkobani. "Nitoboe hapa kidogo tu, tundu la swichi, kisha..."

"Weka mkasi huo chini!" Sauti ya Caritas iliwarudisha wote nyuma. "Kazi yangu haikatwi." Akalichukua koti, akalikunja vizuri, akalikalia. "Itakaa uchi. Piga!"

Simu ikaanza kuita. Ile sauti ya kuita, pwii, pwii, ikazunguka sebuleni juu ya vitambaa vyote. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Wamechelewa.

"Piga tena," Caritas alisema.

Ikaita. Fatu alikuwa ameushika mkono wa jirani yake na mafuta yote ya samaki. Ikaita. Kisha kioo kikawa cheusi, kikawa cha kijivu, kikawa vipande vipande vya rangi, na vipande vikajikusanya vikawa mtu.

Mwanamume mkondefu, ndevu zimeingiwa na mvi, koti kubwa la msaada mabegani. Picha iliganda, ikaruka, ikaganda.

"Mushiki wanje?" mtu yule alisema. Dada yangu.

Caritas alisogea mpaka pumzi ikafanya ukungu kwenye kioo. Uso aliokuwa ameungoja haukuwa na ndevu, wala mashimo yale mashavuni. Inawezekana. Haiwezekani. Nyuso zikaanza kumchanganyikia tena, kama pale bandarini.

"Sema, jirani," Fatu alinong'ona. "Ndiye?"

"Nyamaza." Kisha akamwuliza yule mtu, kwa Kirundi, kwa sauti ya hakimu: "Kambini, mvua ya kwanza, chupa ya mawese ya mama. Nani aliimwaga?"

Mtu yule alitazama pembeni. Akakuna shingo. Walaghai wale wawili, kwa kila alilowauliza, walijibu harakaharaka lile walilodhani analitaka: ni mimi, dada, nisamehe. Huyu alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye kioo.

"Bado na hayo? Wewe! Wewe uliimwaga! Ulikuwa unacheza kamba, nilikuona kwa macho yangu mawili!"

"Mwongo!" Caritas alisimama, kiti kikaanguka nyuma. "Mwongo mkubwa wewe! Mguu wako uliipiga! Nilichapwa mimi!"

"Ulichapwa kwa sababu ni wewe!"

"Ni yeye!" Caritas alimgeukia Fatu, akamgeukia Hamdani, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Ni yeye! Uongo ule ule! Toka utoto hajaubadili hata neno!" Akakirudia kioo, akakishika pande zote mbili kama mtu anavyoshika mashavu. "Musaza wanje, ndugu yangu, mbona umekonda hivyo?"

"Mbona wewe umenenepa hivyo? Unakula migebuka yote ya ziwa peke yako?" akaongeza kwa Kiswahili.

"Namkaangia mimi!" Fatu alipenyeza kichwa. "Njoo na wewe unenepe!"

"Huyo nani?"

"Jirani. Usimjali. Mhudumu yuko hapo? Mwite. Mwite aje aone uso wangu, aandike leo hii kwamba ndugu unaye. Na ukimaliza kumwita urudi ukae hapo, kwa sababu habari ya mawese hatujaimaliza."